Hotuba mbili za kichanja: kisa cha mwenyekiti wa waanika dagaa

Kisa hiki kimetokea kwenye mwalo mmoja, yaani ufukwe ambapo mitumbwi ya uvuvi inashusha mzigo, wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Jina la mwalo, majina ya watu na jina la kikundi nimeyaondoa yote, na vitu viwili vitatu vidogo nimevibadili ili asije mtu akanyooshewa kidole. Mhusika mkuu nitamwita Mwenyekiti tu, nimemsomea haya kabla na amekubali yaandikwe.

Mimi nafundisha watu kuongea mbele za watu, vikundi vya kina mama, viongozi wa vikoba, vijana wanaogombea serikali za mitaa, na kisa hiki nakirudia kila darasa kwa sababu ni mtu yuleyule, hoja ileile, wasikilizaji walewale, ila hotuba mbili na majibu mawili tofauti kabisa. Ni mara chache sana kupata kitu cha namna hiyo cha kulinganisha.

Mazingira

Kwa wasiojua kazi ya dagaa niseme kidogo. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi wengi wamehamia taa za sola, mitumbwi inarudi alfajiri na kina mama wanakuwa wameshajipanga ufukweni na ndoo zao wakisubiri. Unanunua ndoo zako, unamwaga, unatandaza, unageuza, unafukuza ndege, unaomba jua. Wengi wanaanika juu ya mchanga moja kwa moja kwa sababu mchanga ni bure. Shida ni kwamba dagaa wa mchanga anabeba mchanga, mnunuzi analijua hilo na anashusha bei, na mvua ikikuta mzigo chini umekwisha, utauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kichanja ni ile meza ndefu ya miti na wavu juu, hewa inapita chini na juu kwa hiyo dagaa wanakauka haraka na wanakuwa wasafi, na wingu likija unafunika turubai umemaliza.

Kikundi kilikuwa na watu kama 60, karibu wote wanawake. Mwenyekiti ana miaka arobaini na kitu, ameanika dagaa toka binti, sauti anayo, heshima anayo, na alikuwa ameshaenda kutembelea mwalo mwingine wenye vichanja akarudi na moto kifuani. Alitaka kila mtu atoe elfu 50, watu 60, milioni 3, vichanja nane kwa mkupuo kabla ya mvua za vuli.

Kuna jambo moja hakuniambia mwanzoni na ndilo lililobeba kisa kizima. Miaka mitatu nyuma kikundi kilichanga elfu 20 kila mtu ili wajenge stoo. Mhazini wa wakati ule akahamia kwenye visiwa vya humo ziwani na hela haikurudi. Stoo haikujengwa. Na huyu Mwenyekiti wetu ndiye alikuwa katibu, sahihi yake imo kwenye daftari.

Mkutano wa kwanza

Ulikuwa mwezi wa saba, saa nne asubuhi, ufukweni. Hapo tu pameshaharibika, kwa sababu saa nne asubuhi mzigo wa kila mtu uko chini umetandazwa, kwa hiyo kina mama wamekaa kwako ila macho yako kwenye dagaa, mmoja ananyanyuka kufukuza yange, mwingine anamtuma mtoto akageuze. Mimi nilikuja kama mgeni tu, nilialikwa na dada mmoja wa kikundi.

Mwenyekiti alisimama akiwa ameipa mgongo migomba na nyumba, uso ameuelekeza ziwani. Kwenye mwambao huu jua likipanda upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa maana hiyo kila neno alilotoa mdomoni lilikuwa linarudishwa nyuma kwenye migomba. Wakaleta spika ya kuazima, maiki ikapiga mluzi, wakaizima, akaendelea kwa kupiga kelele mpaka sauti ikaanza kukwaruza.

Hotuba aliandikiwa na mtoto wa dada yake anayesoma chuo. Karatasi nne. Ilianza kwa kuwatambua viongozi, waliokuwepo na wasiokuwepo, ikaja faida za vichanja moja mpaka tisa, humo ndani kuna mnyororo wa thamani, kuna kuongeza ubora wa mazao ya uvuvi, kuna fursa za masoko ya kikanda. Kijana hakukosea kitu, yote aliyoandika ni kweli tupu. Ila nilimwangalia bibi mmoja mbele yangu, nikimwona anatikisa kichwa kukubali kila pointi kama mtu anayesikiliza matangazo ya kanisani, akili yake iko kwingine.

Zilipita dakika 41. Mwisho akasema, "Kwa hiyo ndugu zangu tunaombwa tuchangie elfu hamsini hamsini." Watu wakapiga makofi. Makofi ya kweli kabisa, halafu kimya. Ndipo yule bibi akanyoosha mkono, bila hasira, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, na zile za stoo?"

Mwenyekiti akajibu, "Bibi, hayo yameshapita, tuangalie mbele."

Hapo niliona mabega ya watu yanashuka. Hakuna aliyebisha wala kugomba. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa visiwani, mmoja akanyanyuka akasema anaenda kukusanya, wakanyanyuka watano, baada ya dakika kumi amebaki Mwenyekiti, mimi, na mjukuu wa mtu anachezea maiki. Hela iliyopatikana siku ile ni sifuri.

Wasukuma wana mashindano yao ya ngoma, Bagika na Bagalu, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja na watazamaji wanahamahama, upande utakaovuta watu wengi ndio umeshinda. Nilimkumbusha hilo jioni ile tukiwa kwa mama ntilie. Nikamwambia mama, leo ngoma yako imezidiwa na wingu. Hakucheka. Akaniambia, "Sasa mwalimu, nimekosea wapi, kila nilichosema walikubali." Nikamwambia hapo hapo ndipo ulipokosea, umetumia dakika 41 kuwathibitishia kitu ambacho hakuna hata mmoja anayekipinga.

Tulivyojiandaa upya

Nilimuuliza swali moja, nikalirudia mpaka akachoka nalo: ni kitu gani kinamzuia huyu mama asitoe hela? Jibu la kwanza akasema hawajaelewa umuhimu. Nikakataa. Mtu ambaye ameshauza mzigo wa mvua kwa bei ya chakula cha kuku umuhimu anaujua kukuzidi. Jibu la pili akasema hela hawana. Kidogo ni kweli. Mara ya tatu akanyamaza muda mrefu, akageuza kikombe cha chai, halafu ndipo akanisimulia habari ya stoo, mhazini, na sahihi yake.

Toka hapo maandalizi yalibadilika yote. Maamuzi tuliyofanya ni haya, na sababu zake.

Siku tulihamishia kwenye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga, mitumbwi inapumzika siku kadhaa na ufukwe unakuwa mtupu. Kwa hiyo siku zile hakuna mzigo chini, hakuna anayeogopa wingu, na hata kina baba wenye mitumbwi wanakuwepo. Saa tukaweka saa kumi jioni, chini ya mwembe mkubwa ambapo jua haliwapigi watu machoni, na Mwenyekiti asimame ziwa likiwa mgongoni kwake ili upepo umbebee sauti. Spika hatukuitaka tena.

Ombi tulilikata. Badala ya milioni 3 na vichanja nane, kichanja kimoja. Fundi alipiga hesabu ya miti, wavu, misumari na kazi yake, ikaja laki 3. Watu 20 wakitoa elfu 15 kinasimama. Mwenyekiti aliona aibu, akasema kichanja kimoja ni kitu gani kwa watu 60. Ila mtu aliyeibiwa elfu 20 huwezi kumwambia akupe 50, unamwomba kitu ambacho hata kikipotea atalala usingizi, halafu unampa nafasi ya kukuona ukikitunza.

Karatasi tulizitupa. Nilimwambia achague vitu vitatu avibebe kwenye beseni na vile vitu ndivyo viwe hotuba yake. Akachagua dagaa wa mchanga, dagaa wa kichanja aliowanunua kule mwalo mwingine, na kufuli. Akitoa kitu cha kwanza anajua anasema nini, akikimaliza anatoa cha pili, hakuna kusahau wala kupotea njia. Maneno ya kukariri yalikuwa sentensi mbili za mwanzo na sentensi mbili za mwisho basi, katikati aongee anavyoongea siku zote. Tukajirekodi kwa simu. Mara ya kwanza dakika 26, akajisikiliza mwenyewe, akakata, ikaja 19, ikaja 12. Kila alipokata alikuwa analalamika kwamba anakata kitu kizuri. Kweli vilikuwa vizuri.

La mwisho, alienda nyumbani kwa yule bibi peke yake, siku mbili kabla. Akamwamkia, akakaa chini kwenye mkeka, akamwambia bibi swali lako nitalijibu mbele ya watu, na nikipindisha kitu naomba unirekebishe palepale. Hili wazo lilikuwa lake, mimi sikulifikiria kabisa, na sasa nalifundisha kila mahali.

Kuna wazo moja lilikuwa langu, nalo nitakuja kulieleza maana liliumiza mtu.

Mkutano wa pili

Watu walikuja kama 50, pamoja na kina baba wachache waliosimama pembeni. Mwenyekiti akasalimia, "Shikamooni wazazi wangu," wakaitika, akaongeza "mwadila" ya Kisukuma, wakaitika kwa nguvu zaidi. Hakutambua viongozi. Akasimama kimya kidogo, kisha akasema zile sentensi mbili alizokariri:

"Mwezi uliopita bibi aliniuliza zile za stoo ziko wapi na mimi nikamkwepa. Leo naanza na jibu."

Nimeshasikiliza hotuba nyingi, ila kimya kama kile ni nadra, mpaka watoto waliokuwa wanapanda mwembe walitulia. Akaeleza zilichangwa kiasi gani, nani alishika, lini alionekana mara ya mwisho, hatua gani zilichukuliwa na zikaishia wapi. Halafu akasema, "Na sahihi yangu imo kwenye lile daftari. Sikula hata mia. Lakini niliona hela zinakaa nyumbani kwa mtu mmoja na nikanyamaza. Kosa hilo ni langu." Akamgeukia bibi, "Bibi, nimepunguza kitu?" Bibi akasema, "Hujapunguza."

Mimi naamini shughuli iliisha hapo, dakika ya tatu. Yaliyofuata yaliwapa watu sababu ya kufanya kile ambacho mioyo yao ilikuwa imeshafunguka kukifanya.

Akatoa jagi la plastiki, lile jeupe linaloonesha ndani. Akatia kiganja cha dagaa wa mchanga, akamimina maji, akakoroga kwa mwiko, akaliweka juu ya kigoda na akanyamaza. Nilikuwa nimemwambia ukishakoroga usiongee, hesabu moja mpaka ishirini moyoni. Maji yalikuwa ya kijivu, yakaanza kutulia, na pale chini ukajijenga mstari, kwanza mwembamba kama uzi, halafu unanenepa, mpaka ukafika unene wa ukucha. Watu waliokaa nyuma wakasimama waone. Akamimina maji taratibu, ule mchanga akaumwagia kwenye kitambaa cheupe na kukizungusha mkono kwa mkono, na kila mama aliyekipokea aliugusa kwa kidole ingawa ni mchanga anaoukanyaga kila siku ya maisha yake. "Huu tunawalisha watu," akasema. Hakuongeza kitu.

Akarudia na dagaa wa kichanja. Chini palikuwa karibu patupu. Dada mmoja akasema mbona na hapo naona punje. Mwenyekiti akainama akaangalia, akasema "Ndiyo zipo, tatu nne, upepo huo, kichanja hakizuii upepo." Akaendelea. Nilifurahi sana, maana angebisha pale angepoteza yote aliyoyapata kwenye habari ya stoo.

Ndipo kijana mmoja mwenye mtumbwi, kati ya wale waliosimama pembeni, akarusha swali: "Mama, hiyo miti si itaoza? Mwaka kesho mtachangishana tena."

"Itaoza mdogo wangu, kweli kabisa. Fundi anasema misimu miwili mitatu tunabadilisha. Wewe wavu wako unakaa muda gani?"

"Mwaka. Ukipata bahati."

"Na ukichanika?"

"Nanunua mwingine, sasa nitavua na nini?"

Mwenyekiti hakujibu. Alimwangalia tu anatabasamu, na watu wakaanza kucheka, na yule kijana mwenyewe akacheka akapiga makofi. Jibu alilitoa mwenyewe mdomoni mwake.

Kitu cha tatu kilikuwa kufuli. Akaeleza kwamba hela haitakaa kwa mtu, itakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu kama yale ya vikoba, funguo tatu kwa watu watatu wa kaya tofauti, na mimi Mwenyekiti sitashika ufunguo. Akamwomba bibi ashike wa kwanza. Halafu akatoa elfu 15 yake, akaihesabu mbele ya watu, akaitia sandukuni na kusema zile sentensi mbili za mwisho: "Nataka watu 20. Tukikosa 20 ikifika Jumamosi ya wiki ya pili, sanduku linafunguliwa hapahapa na kila mtu anachukua hela yake."

Kilichoharibika

Sasa niseme ule ushauri wangu. Katikati, kati ya jagi la kwanza na la pili, nilimshauri aweke stori ya mvua, stori ya mtu halisi, kwa sababu stori ya mtu mmoja inagusa kuliko maelezo ya watu mia. Akasimulia habari ya mama mjane aliyeacha mzigo wa ndoo kumi na kitu akaenda kliniki na mtoto, mvua ikashuka, akarudi akakuta dagaa wamevurugika na mchanga, akauza kwa watu wa kuku, na watoto hawakurudi shule kwa wakati mwezi ule. Jina hakulitaja. Lakini kwenye mwalo wa watu 60 jina halihitaji kutajwa, na yule mama alikuwa amekaa mstari wa tatu.

Niliona shingo zinageuka. Alikaa kidogo akiangalia chini, akajifunga kitenge vizuri, akanyanyuka, akaondoka kwa njia ya nyuma ya mwembe. Mwenyekiti alimwona, sauti ikayumba sentensi mbili tatu, ndio maana jagi la pili alilifanya kwa haraka kuliko tulivyopanga.

Hatukumwomba ruhusa yule mama. Mwenyekiti aliniuliza tukiwa mazoezini kama hakuna neno na mimi nikamjibu bila jina hakuna neno. Kosa hilo nalibeba mimi. Machungu ya mtu ni mali yake, na stori ile ingefaa ingesimuliwa na mwenyewe kwa hiari yake, au Mwenyekiti asimulie mzigo wake mwenyewe uliowahi kunyeshewa, anayo mifano mingi tu.

Matokeo

Siku ile waliojiandikisha ni 23, wengine kwa sahihi na wengine kwa dole gumba. Ikafika Alhamisi ya wiki ya pili waliolipa wakawa 19, laki 2 na 85 elfu, pungufu elfu 15. Yule bibi, ambaye muda wote alishika ufunguo ila hela alikuwa bado hajatoa, alikuja Ijumaa jioni na elfu 15 za noti za elfu mojamoja zilizokunjwa kwenye pindo la kanga. Wakawa 20. Waliobaki watatu walilipa baadaye kichanja kikiwa kimeshasimama.

Kilisimama mwezi wa tisa, kabla ya vuli. Mnunuzi anayepeleka Kirumba Mwaloni, lile soko la samaki na dagaa la Mwanza mjini, alipoona mzigo wa kwanza aliongeza elfu 2 kwa kila ndoo bila kubembelezwa, na habari ile ilisambaa haraka kuliko hotuba yoyote. Msimu uliofuata vikawa vinne. Mpaka naandika hapa bado kuna watu kama 20 wanaoanika chini, wengine kwa hela, wengine wameshikilia kwamba kikundi hawakiamini tena, na sioni kama hotuba itawabadilisha.

Uchambuzi

Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema msemaji anashawishi kwa njia tatu: yeye mwenyewe anavyoaminika, hisia anazoziamsha kwa wasikilizaji, na hoja yenyewe. Watu wengi wakija kwangu wanadhani kazi yote iko kwenye ile ya tatu. Hotuba ya kwanza ilikuwa hoja tupu, tena hoja safi, ikaanguka kwa swali la maneno matano la bibi, kwa sababu swali lile lilikuwa linauliza kuhusu msemaji na halikuuliza chochote kuhusu kichanja. Ukijibu swali la uaminifu kwa kusema tuangalie mbele, umeshamwambia msikilizaji kwamba nyuma kuna kitu.

Angalia pia mpangilio. Kama Mwenyekiti angeanza na jagi akaja kumalizia na stoo, watu wangetazama jagi huku wanasubiri stoo. Pingamizi kubwa kama unalijua liweke mwanzo na uliseme kwa maneno ya yule anayepinga, tena makali kuliko angeyasema yeye. Ila ungamo lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa na uzito, alitaja sahihi yake na kosa lenyewe, na palikuwepo mtu wa kumrekebisha. Ungamo la juujuu, lile la "kama kuna mtu nilimkosea anisamehe", lingemmaliza.

Kuna Mmarekani anaitwa Alan Monroe, profesa wa Chuo Kikuu cha Purdue, miaka ya 1930 alipanga hotuba ya kushawishi kwa hatua tano: washtue, waoneshe tatizo, wape suluhisho, wafanye waone maisha yatakavyokuwa, waambie wafanye nini. Mimi huwa naitumia na hapa karibu hatua zote zipo, jagi ni tatizo na suluhisho kwa pamoja. Hatua ya nne hatukuigusa kabisa. Hakueleza asubuhi ya mvua itakuwaje mtu akiwa na kichanja, na nadhani wale waliojiandikisha wakachelewa kulipa wangeshikika zaidi tungekuwa nayo. Dakika mbili zingetosha, na tungezipata kwa kuiacha ile stori.

Kuhusu jagi, wengi wananiuliza kama ni mbinu ya maonesho. Nguvu yake kubwa ilikuwa ule ukimya baada ya kukoroga. Mchanga ulishuka wenyewe, mbele ya macho yao, na kila mtu alifika kwenye hitimisho kwa miguu yake. Ndivyo ilivyokuwa na swali la wavu kwa yule kijana. Ukisikiliza hotuba za zamani za Mwalimu Nyerere utaona kitu hicho, anauliza, anawaacha watu na swali, ndipo anaendelea. Msemaji mwenye wasiwasi anaogopa kimya, anakijaza maneno, na anamnyang'anya msikilizaji nafasi ya kujishawishi.

Ombi nalo. Elfu 15, watu 20, Jumamosi, vinginevyo hela inarudi. Mtu akiondoka pale anajua kesho asubuhi afanye nini. "Tunaombwa tuchangie" ya mkutano wa kwanza haina siku, haina mwenye kuomba, haina kitakachotokea usipochangia. Sijui kwa nini tukisimama mbele ya watu tunakimbilia sana hizo tunaombwa, inahimizwa, itapendeza. Ukitaka kitu sema nataka.

Upepo, kivuli na mbalamwezi watu wanavipita haraka wanaposoma kisa hiki. Msivipite. Wasikilizaji walewale walishindwa kusikia mwezi wa saba kwa sababu dagaa wao walikuwa chini.

Yule mama

Mwenyekiti alienda kwake usiku uleule wa mkutano, mimi nilienda kesho yake. Alitupokea, alitupa chai, alisema yameisha. Kujiandikisha hakujiandikisha mwaka ule. Msimu wa pili alijiunga na kichanja cha tatu, nimemwona akigeuza dagaa wake pale, mkono wake ni mwepesi sana. Mikutano anahudhuria, analipa kwa wakati kuliko wengi. Ila Mwenyekiti akisimama kuongea yeye huchukua ndoo yake akaenda kuoshea majini, anarudi wakishafika ajenda ya mwisho.